Mlo Mmoja wa Bibi Harusi

Fundi alisikia sauti ya Shangazi ikisalimiana na muuza duka wa jirani, na moyo ukaanza kumwenda mbio. Si kwa ajili ya Shangazi, masikini, bali kwa yule aliyekuwa akija nyuma yake. Kila Jumamosi mchana ilikuwa hivyo hivyo. Mwanamume mzima na ndevu zake anajikuta akifuta cherehani isiyo na vumbi, anapanga pini ambazo alishazipanga, kisa kuna mtu anakuja kujaribu gauni lake la harusi. Na harusi yenyewe si yake yeye Fundi. Hapo ndipo palipokuwa na msiba.

"Hodi humu! Fundi upo, au umeshatoroka na kitambaa chetu?"

"Karibu, Shangazi. Nitoroke na gauni la harusi, niende nikaolewe nalo mimi?"

Shangazi alicheka mpaka mabega yakatikisika, akajitupa kwenye benchi la wateja, nalo benchi likalalamika. Alikuwa mama mwenye mwili wake na asiyeuonea haya, mkononi ameshika karanga za kukaanga kwenye kikaratasi. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, lakini kwa kweli alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Binti huyo ndiye aliyeingia sasa. Alikuwa akifundisha watoto wa chekechea, na kwa kuwa watoto hao walimpigia kelele "Mwalimu! Mwalimu!" kila alikopita, watu wazima nao wakalichukua jina. Fundi naye alimwita hivyo hivyo, ingawa kimoyomoyo alikuwa na majina mengine ambayo hakuwahi kumtajia mtu.

"Hujambo, Fundi?"

"Sijambo, Mwalimu. Karibu."

Alimtazama mara moja tu, akayashusha macho kwenye mkasi. Mara hiyo moja ilimtosha. Yale mashavu yaliyokuwa yakifumba macho kila alipocheka hayakuwapo tena. Tabasamu lilikuwa lile lile, lakini limekaa kwenye uso uliopungua, na chini ya shingo ilijitokeza mifupa ambayo Fundi hakuwahi kujua kama ipo.

Mambo haya yalianzia ukutani. Sebuleni kwa mama mkwe mtarajiwa ilitundikwa picha kubwa ya harusi ya mkwe wa kwanza, mke wa kaka yake bwana harusi, mwembamba, kiuno cha kushika kwa viganja viwili. Kando ya picha hiyo msumari wa pili ulishapigiliwa, unasubiri. Mama yule alitaka wakwe zake wawili wakae pamoja pale, gauni moja, umbo moja, mgeni asijue yupi ni yupi. Kwa hiyo alileta dukani gauni la yule wa kwanza liwe ndilo kipimo.

"Sitaki umpime bibi harusi," alimwagiza Fundi siku hiyo. "Gauni halitamfuata yeye. Yeye atalifuata gauni."

Bwana harusi mwenyewe alikuwa mhandisi wa barabara, yuko kazini mbali, na habari za msumari hakuzijua. Kwa kila aliyemfahamu alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye heshima. Hilo ndilo lililomuudhi Fundi kuliko yote. Hata wa kumchukia hakumpata.

Basi akashona kama alivyoagizwa, ila alikata kwa ujanja. Ndani ya mishono ya ubavuni aliacha kitambaa cha akiba. Siku ya kwanza ya kujaribu, zipu iligoma kiunoni. Mwalimu alilia nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, ya mtu anayedhani hasikiki. Fundi alisikia yote. Walipoondoka akachukua wembe, akaifumua mishono ile, akaiachia kidogo, akashona upya, kisha akapiga pasi mpaka alama za mwanzo zikafifia. Hakumwambia mtu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: akija akaona linaingia, atafurahi, ataenda nyumbani akale.

Jumamosi iliyofuata zipu ikapanda mpaka juu. Mwalimu akacheka, Shangazi akapiga vigelegele, na Fundi, mpumbavu wa mapenzi, akacheka nao. Hakujua kwamba wiki ile binti wa watu alikuwa ameacha chai ya asubuhi na mkate wake. Sifa zote zikaenda kwa mkate ulioachwa. Baada ya hapo akaacha na chakula cha jioni. Fundi alipoona mambo yanazidi, akaachia mishono mara ya pili, akiamini kuwa safari hii ataridhika. Unamwona mtu anavyojipalia makaa kwa mikono yake mwenyewe?

"Ingia ujaribu," alimwambia sasa, akivuta pazia la pembeni.

Mwalimu alipotoka, gauni lilimkaa kwa nafasi. Fundi alijua kiasi alichoachia, alikuwa na mkono wa kazi na jicho la kazi, lakini nafasi aliyoiona kiunoni ilizidi ile ya wembe wake. Ile iliyozidi ilikuwa ya njaa.

"Shangazi, tazama! Kiganja kinapita!"

Vigelegele vya Shangazi vilimfanya muuza duka wa jirani achungulie. "Si nilikwambia mimi? Mlo mmoja, saa saba mchana, basi. Hawa wanaokula asubuhi, mchana na jioni wanamlisha nani?" Akatupia karanga kinywani.

"Siku nzima mara moja tu, Shangazi?" Fundi aliuliza taratibu.

"Mara moja. Na mara moja yenyewe si ya kupakua kama mbeba magunia."

"Lakini yule muuguzi wa zahanati si alimwambia ale kidogo kidogo, asikae na njaa muda mrefu?"

"Alijaribu. Mama mkwe akaja akamkuta na ndizi saa nne, akarudi akamkuta na yai saa kumi. Akauliza, mwali gani huyu anatafuna kutwa kama mbuzi? Tukaacha."

"Na mchumba wake anasemaje?"

"Akipiga simu huniuliza kama nimekula," alijibu Mwalimu mwenyewe, bado anajitazama kwenye kioo. "Namwambia nimekula. Si uongo. Mara moja nayo ni kula." Akageuka, macho yanang'aa kwa namna ambayo Fundi hakuipenda. "Sasa nimeshaamua. Kama kuacha milo miwili kumenifikisha hapa, huu mmoja uliobaki nao wa nini? Chai ya rangi asubuhi, maji ya ndimu jioni, mpaka siku ya harusi."

"Hapana, Mwalimu."

Lilimtoka Fundi kwa nguvu mno. Shangazi akaacha kutafuna.

"Hapana nini, baba? Kazi yako wewe ni nguo. Kilicho ndani ya nguo kina wenyewe."

"Shangazi, njaa mwana malegeza."

"Na shibe mwana malevya. Methali hata mimi ninazo." Lakini sauti ilimpungua kidogo, akalikunja kunja lile karatasi la karanga. "Unadhani mimi napenda? Huo mlo mmoja uliobaki tutauongelea nyumbani. Ila nimlee mtoto kwa shida zote zile, halafu aingie nyumba ya watu wamcheke? Waseme Shangazi katuletea pipa? Nani atakayemtetea mle ndani, wewe na cherehani yako?"

Kabla Fundi hajajibu, simu ya Shangazi ikalia. Alikuwa mama mkwe. Chini ya paa lile la bati simu zilikatikakatika, kwa hiyo Shangazi akatoka nje mpaka kando ya barabara, na sauti yake ikasikika hadi ndani: "Linamkaa kwa nafasi, dada yangu! Kwa nafasi!"

Wakabaki wawili. Fundi alipiga magoti achunguze pindo, kwa sababu mtu aliyepiga magoti hana haja ya kutazama uso wa mtu. Akaona miguu ya Mwalimu ikisogea, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama anatafuta sakafu ilipo. Aliinuka haraka akamdaka.

Hakuwa mzito. Zamani, siku ya mvua kubwa, Fundi aliwahi kumshika mkono kumvusha mtaro uliofurika, Mwalimu akaruka na kumwangukia kifuani kwa uzito wake wote, wakacheka mpaka watu wakawageukia. Uzito ule alikuwa ameutunza moyoni kwa muda mrefu. Haukuwapo tena.

"Kaa. Kaa hapa. Usiinuke."

"Ni joto tu."

"Leo umekula?"

"Saa saba ilinipita, nilikuwa nafua. Shangazi anasema ikipita imepita."

"Kwa hiyo tangu jana mchana."

Mwalimu akasema, kwa sauti ya kutaka kuchekesha, "Jana watoto walikuwa wanaimba, nikaona ubao unazunguka. Nikakaa chini. Mmoja akaja akanivunjia nusu ya biskuti yake, alidhani nimenuna."

"Ukaila?"

"Nikamwambia asante. Nikaiweka kwenye mkoba. Bado iko humo."

Fundi aligeuka upande wa chupa ya chai ili asionekane macho. Akamimina chai ya maziwa kikombe kizima, akatia sukari, akakoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyotaka. Alipompa, Mwalimu alikisukuma kwa ncha za vidole.

"Usinijaribu, Fundi. Nimefika mbali. Tazama gauni."

"Gauni limekudanganya."

"Gauni linadanganyaje?"

"Basi mimi. Mimi ndiye niliyekudanganya." Akauvuta ubavu wa gauni uliokuwa na nafasi, akauelekeza kwenye mwanga, akamwonyesha matundu madogo ya sindano yaliyopangana mstari. "Hapa ndipo palipokuwa na mshono wa kwanza, ule uliokuliza. Huu wa pili. Na huu wa leo. Kila ukiondoka naachia kidogo. Nilidhani likikuingia utakula."

Mwalimu alipitisha kidole juu ya matundu yale, polepole, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Nje Shangazi alikuwa akicheka na simu.

"Kwa hiyo sijapungua," alisema.

Hapo Fundi alikwama. Akisema hujapungua, huenda Mwalimu akakata tamaa na kurudi kwenye sahani yake. Akisema hujapungua, huenda akaacha hata hayo maji ya ndimu. Mapenzi hayakumfundisha ipi ni ipi. Akachukua utepe wa kupimia, kitu alichokatazwa tangu mwanzo, akamzungushia kiunoni juu ya kitambaa.

"Umepungua," alisema. "Umepungua sana, Mwalimu, na mimi naogopa."

La kuogopa hakulisikia. Alisikia umepungua. Uso wote ukamchanua, akamshika Fundi mkono kwa furaha. "Kweli? Yaani bila hila yako?" Na Fundi akaona kwamba uongo wake ulimtia njaa, na ukweli wake nao umemtia njaa vile vile.

Kisha mkono ule ukaondoka. "Lakini kwa nini ulinifanyia hivi? Wote wameniambia mimi ni mnene. Wewe peke yako umenidanganya. Nikila nisile, kinakuuma nini?"

Wahenga walishasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Fundi alikuwa amekificha kikohozi hicho mpaka kifua kikachoka.

"Kwa sababu nakupenda," alisema. "Nilikupenda na mashavu yako. Nakupenda sasa. Nikikuona unavyokwisha hivi, nakosa pa kwenda."

Mwalimu alimtazama bila kupepesa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mtaro."

"Siku ya mtaro! Na ukanyamaza?"

"Kila siku nilisema nitakwambia kesho."

Alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakaanza. "Mafundi nyinyi! Njoo kesho, njoo kesho kutwa, nguo imebaki zipu tu. Kumbe hata mapenzi mnayaweka foleni?" Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Mama mkwe ana fundi wake wa mjini, unajua? Mimi ndiye niliyekataa. Nikasema kuna mtu mmoja tu nisiyemwonea haya akinitazama kwenye nguo. Nilikuwa natumaini, siku moja ya kujaribu, mtu huyo angesema neno."

"Nimelisema."

"Umelisema kadi zimeshagawiwa. Shangazi ameshamwalika mpaka muuza mkaa. Na yule kijana hajanikosea kitu, Fundi. Nimwambie nini? Nakuacha kwa sababu mama yako ana msumari ukutani?"

"Mwambie hujala."

"Atanihurumia, atamgombeza mama yake, na mimi nitaingia nyumba ile nikiwa nimeshawagombanisha." Alivuta pumzi. "Lirudishe."

"Nini?"

"Gauni. Lirudishe lilivyokuwa siku ya kwanza. Nataka kuingia mwenyewe, bila kusaidiwa."

"Sirudishi."

"Basi nitampelekea yule wa mjini."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema akiwa amechoka, na ndiyo maana Fundi aliliamini. Yule wa mjini angelibana gauni bila kuuliza. Asingemwona miguu ikitafuta sakafu. Na yeye Fundi angekaa hapa Jumamosi mchana akipanga pini, bila kujua kama yule aliyempenda amekula au ameanguka. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumshikia, nacho ni gauni hilo hilo linalommaliza.

"Kunywa chai kwanza," alisema.

"Nikinywa, utalirudisha?"

Wote wawili waliona biashara waliyokuwa wakiifanya, na hakuna aliyekuwa na biashara bora zaidi.

"Ukinywa nashona," alisema Fundi. "Ukiacha naacha."

Mwalimu akaenda nyuma ya pazia, akarudi na nguo zake za kawaida, gauni mkononi. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Fundi alifumua ubavu wa kulia, akauweka chini ya sindano pale pale palipokuwa na matundu ya kwanza, akakanyaga pedeli. Mwalimu akanywa. Funda la kwanza lilimpita kwa shida, amefumba macho. La pili alilinywa akimtazama Fundi juu ya kikombe.

Fundi alishona polepole kuliko alivyowahi kushona tangu ajifunze kazi. Alisimama kurekebisha uzi usiokuwa na kosa. Alikata, akaunganisha. Kila alipoinua macho aliyakuta ya mwenzake, na rangi kidogo ilikuwa inarudi kwenye midomo ile. Kwa muda huo mfupi alikuwa na raha, Mungu amsamehe, raha ya mume anayemtazama mkewe akinywa chai. Mguu ukijisahau na kukanyaga haraka, alijizuia.

"Ni tamu," Mwalimu alinong'ona. "Nilikuwa nimesahau."

"Ipo nyingine kwenye chupa."

"Maliza mshono wako."

Mlango ukatiwa kivuli. "Mama mkwe amefurahi huyo!" Shangazi aliingia na simu mkononi. "Anasema msumari..." Akakiona kikombe. "Ni nini hicho? Chai ya maziwa? Na sukari juu yake? Mwanangu, umebakiza siku ngapi, unataka kututia aibu?"

"Shangazi, kidogo tu. Kichwa kilinizunguka."

"Kichwa kinazunguka kwa joto, hakizunguki kwa kukosa chai." Akampokonya, si kwa ubaya, kama unavyompokonya mtoto kisu. Akatazama huku na huku pa kumwaga. Nje kulikuwa na nguo za wateja zimeanikwa, ndani kulikuwa na vitambaa vyeupe kila mahali. Akakinywa mwenyewe, chote, akapangusa mdomo. "Isipotee bure. Chai yako nzuri, Fundi. Na gauni je?"

Fundi alitazama chini. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedeli. Wakati wao wakibishana, sindano ilikuwa imefika mwisho wa kitambaa, na ubavu wa kulia ulikuwa umerudi kwenye kipimo cha mkwe wa kwanza.

"Ubavu mmoja tayari," alisema. "Wa pili Jumamosi."

"Kazi nzuri. Twende, mama, jua linazidi." Shangazi akatangulia, na mara sauti yake ikawa tayari kwenye duka la jirani, inawaeleza habari za kiganja kilichopita.

Mwalimu alibaki mlangoni akifunga kitambaa chake cha kichwa. Kikombe kitupu kilikuwa juu ya meza, kati yao.

"Jumamosi utanipa tena chai?" aliuliza bila kumtazama.

"Nitakupa."

"Na ubavu wa pili utaubana?"

Fundi alimtafuta Mungu, akawatafuta wahenga na methali zao zote, akautafuta ujanja wake wa wembe na pasi. Hakuna aliyemwitikia.

"Nitaubana," alisema.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akamfuata shangazi yake.